Mtoto wa Damu Isiyokatika



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad, tunaingia moja kwa moja katika suali lililotufikia juma lililopita, limeandikwa kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi ya daftari la skuli. Aliyeliandika ni mama wa mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka 6. Anaeleza kuwa mwanawe ana ugonjwa wa hemofilia, ambao humfanya mtu akitokwa na damu isikatike upesi. Jamaa za mume wameshapanga mtoto huyo atahiriwe likizo ya Disemba pamoja na binamu zake wawili, nyumbani, kwa mkono wa ngariba anayewatahiri watoto wa mtaa ule miaka yote. Mama amekataa. Mavyaa wake amemwambia kuwa anamzuilia mtoto dini yake. Anauliza kama anapata dhambi.

Hapati. Tena kwa kukataa kwake amelinda uhai wa mwanawe, na kulinda uhai ni miongoni mwa makusudio makubwa ya sharia yenyewe. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi tohara ni wajibu, lakini wajibu huo humpata mtu baada ya kubaleghe. Kabla ya hapo ni jambo linalopendekezwa, na siku ya saba ndiyo inayopendekezwa zaidi. Hata kwa aliyebaleghe, wanazuoni wetu, akiwamo Imam Nawawi, wameandika kuwa mtu ambaye hali ya mwili wake inatia khofu hatahiriwi mpaka iwe dhana yenye nguvu ni kuwa atasalimika. Basi mtoto wa miaka 6 hana deni lolote, wala mama yake, wala baba yake.

Twapenda kuwakumbusha wale wanaoharakisha kutoa fatwa barazani kisa cha yule sahaba aliyepigwa jiwe kichwani safarini, kisha akaamka na janaba. Aliwauliza wenzake kama ana rukhsa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamuonei rukhsa madhali maji yapo. Akaoga, akafa. Khabari zilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwalaumu kwa maneno mazito, kwa kuwa walijibu wasilolijua na hali walikuwa na nafasi ya kuuliza. Kisa hiki kimo katika Sunan ya Abu Daud na husomeshwa katika mlango wa tayamamu. Kwa maoni yetu mahali pake pengine ni hapa, penye mavyaa na mkaza mwana wanaovutana juu ya wembe.

Hatusemi kwamba mtoto huyo hatatahiriwa abadan. Wako wenye ugonjwa huu waliotahiriwa wakasalimika: hospitalini, mikononi mwa daktari anayeijua hemofilia, baada ya kutiwa dawa ya kugandisha damu kabla ya kisu, na kuendelea nayo siku kadhaa mpaka kidonda kikapona. Jivu, majani ya kutwanga na kitambaa cha kukazwa havitoshi. Damu hii huweza kusimama, watu wakashukuru na kugawa halua, kisha ikaanza tena usiku wa manane.

Na tueleze ugonjwa wenyewe. Damu ya mwanadamu ina protini kadhaa zinazosaidiana kuziba tundu la mshipa. Madaktari wamezipa nambari na huziita fakta. Mwenye hemofilia A amepungukiwa na fakta ya 8. Mwenye hemofilia B, ambayo ni nadra zaidi, amepungukiwa na fakta ya 9. Aina ya A humpata takriban mtoto mmoja katika kila watoto wa kiume 5,000 wanaozaliwa. Mwenye chini ya asilimia 1 ya fakta hiyo ana ugonjwa mkali, na damu huweza kumvuja ndani ya viungo bila ya yeye kujigonga popote. Mwenye zaidi ya asilimia 5 huweza kuishi miaka mingi pasi na kujua, mpaka siku ya kung'olewa jino au ya kupasuliwa.

Watu hufikiri hatari ni mkwaruzo, wakamfungia mtoto asiguse kisu wala msumari. Mkwaruzo mdogo hukoma kwa kubanwa. Mwenye hemofilia havuji kwa kasi kuliko wengine. Huvuja kwa muda mrefu kuliko wengine. Hatari yake kubwa iko ndani, ambako hakuna jicho linaloona: goti, kifundo cha mguu, kiwiko, msuli wa nyonga, na zaidi ya vyote kichwa.

Wala jambo hili si geni katika vitabu vyetu. Abul Qasim az-Zahrawi, tabibu wa Andalusi aliyefariki yapata mwaka 1013, ameeleza katika kitabu chake kikubwa cha utabibu, at-Tasrif, khabari za kijiji ambacho wanaume wake wakijeruhiwa hutokwa na damu mpaka wakafa, na khabari za kijana ambaye ufizi wake ulianza kuvuja kwa kusuguliwa tu, damu isikatike mpaka akafa. Naye Musa bin Maimun, tabibu na mwanachuoni wa Kiyahudi aliyezaliwa Kordoba akaishi Misri zama za Salahuddin, aliwafundisha watu wa dini yake kwamba mwanamke aliyefiliwa na wana wawili kwa sababu ya tohara, wa tatu asitahiriwe kwa wakati wake, hata akiwa ni wa mume mwengine. Hadubini hawakuwa nayo hao, lakini macho walikuwa nayo.

Hapo penye mume mwengine ndipo panapoingia dhulma, maana wako wanaolisikia neno hilo wakaona wamempata mkosa. Kweli, mara nyingi ugonjwa huu hupitia kwa mama. Mwanamke ana kromosomu mbili za X, mwanamume ana moja. Mama akiwa na kasoro katika moja, ile ya pili humsitiri, asijue kitu. Kila mimba ya mtoto wa kiume ina nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi ugonjwa; kila binti ana nafasi nusu kwa nusu ya kuibeba kasoro kama mama yake. Baba mwenye hemofilia hawarithishi wanawe wa kiume, bali binti zake wote huibeba. Na katika takriban thuluthi moja ya wagonjwa, ugonjwa hujitokeza katika jamaa ambayo haukupata kuonekana kabla.

Alitujia mwanamke mmoja pamoja na wazazi wake, ameshapewa talaka moja, kwa kuwa watu wa mumewe walisema ameingiza damu mbaya katika nasaba yao. Babu yake mzaa mama alichechemea maisha yake yote, na hakuna katika jamaa aliyepata kujiuliza kwa nini. Tulimwita mume tukamuuliza: mtoto kuwa dume au jike hutokana na mbegu ya nani? Akajibu kuwa ni ya baba. Tukamuuliza kama yeye aliichagua mbegu hiyo. (Na katika jambo hilo pia, wanaume wangapi wamewalaumu wake zao kwa kuzaa mabinti watupu?) Alimrejea mkewe kabla ya eda kwisha. Mavyaa hakusema tena neno juu ya jambo hilo, la heri wala la shari.

Khofu ya maneno kama hayo ndiyo inayozaa siri. Mama huficha ugonjwa wa mwanawe ili dada zake waposwe. Sitara ya nyumba ni jambo jema, lakini sitara ina mipaka, na mchumba atakayekuwa baba wa watoto ana haki ya kuambiwa. Mkunga naye ana haki ya kuambiwa mapema, kwa sababu mtoto wa mama mbebaji hapaswi kuvutwa kwa koleo wala kwa chombo cha kunyonya kichwa, na sindano ya paja anayopewa mtoto mchanga yataka hadhari. Hata siku ya saba, anaponyolewa nywele za akika, wembe uwekwe mbali, itumike mashine.

Katika nyumba tulizozizuru zenye watoto hawa tumeona jambo moja linalorudiwa: anayejua ni mama peke yake. Yeye ndiye aliyekaa na daktari, yeye ndiye anayejua dawa gani ni mwiko, yeye ndiye anayesikia mwendo wa mtoto ukumbini akatambua kuwa goti limeanza. Siku akienda arusini au akilazwa kujifungua, ujuzi wote wa nyumba umetoka naye mlangoni. Baba hujua kulipa nauli. Nyanya hujua kuomba dua na kukanda. Maalim wa madrasa hajui lolote. Mtoto mwenye damu isiyokatika hawezi kulindwa na mtu mmoja, hata awe mama.

Tuanze na nyanya, kwa kuwa mapenzi yake ni makubwa na mikono yake ina nguvu. Goti la mtoto likivimba, ada yetu ni mafuta ya moto na kukanda. Kwa mtoto huyu kukanda ni kuzidisha, na joto huilegeza mishipa. Damu ikiingia katika kiungo, dalili ya kwanza huwa si uvimbe. Mtoto husema mguu wamsisimka, au wamchoma kwa ndani, au humwona tu anautegea. Asiambiwe anadeka. Hapo hapo apumzishwe, mguu uinuliwe juu ya mto, ufungwe bandeji isiyobana sana, uwekwe barafu iliyozungushiwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, na safari ya kutafuta fakta ianze kabla goti halijawa kama dafu. Damu ikirudi kwenye kiungo kile kile mara kwa mara huila gegedu, na kijana wa miaka 20 akatembea kama mzee wa miaka 70. Wengi wa vijana viwete wa ugonjwa huu hawakuzaliwa viwete.

Pua ikitoka damu, tumezoea kumwinamisha mtoto kisogoni na kummwagia maji utosini. Damu hiyo huishia tumboni. Aketi, aelekee mbele, abanwe sehemu laini ya pua kwa dakika 10 hadi 15 bila ya kuachia ili kutazama. Kidole kikiachia kila dakika, hesabu inaanza upya.

Kisha kuna duka la dawa. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huuzwa kwa kila anayesema anaumwa, na zote tatu humzidishia mtoto huyu kuvuja damu. Parasetamoli haina ubaya huo. Sindano ya makalioni inaweza kumjaza damu ndani ya msuli mpaka mguu ukafa ganzi. Chanjo asinyimwe, amwambie muuguzi ugonjwa wa mtoto, itumike sindano nyembamba chini ya ngozi, kisha pakandamizwe dakika kadhaa. Chale ni mwiko. Na hijama? Tunajua kuwa imesifiwa katika hadithi, nasi wenyewe huifanya. Lakini imesifiwa kama tiba, na kwa mwenye hemofilia ni jeraha tu. Msuwaki asiachishwe, ila uchaguliwe mlaini, maana ufizi wenye uchafu huvuja zaidi na jino bovu litamfikisha kwenye kung'olewa.

Kichwa hakina subira. Mtoto akijigonga kichwa kwa nguvu, hata pasipo jeraha wala nundu, apelekwe hospitali saa ile ile, na daktari aambiwe ugonjwa wake kabla ya jengine lolote, ili apewe fakta kwanza na kupigwa picha baadaye. Kungoja mpaka atapike au asinzie ni kuchelewa.

Sasa twageukia wenzetu wa madrasa, na hapa tunasema na watu wa kazi yetu. Kiboko kilipigwa marufuku katika nchi hii tangu Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, lakini sote twajua kuwa katika baadhi ya vyuo bado kimening'inia ukutani. Kwa mtoto mwenye hemofilia, bakora mbili za mapajani zaweza kumlaza hospitali majuma mawili. Hata kuvutwa sikio au kutikiswa mkono si jambo dogo kwake. Kukunja miguu juu ya mkeka kutoka alasiri mpaka magharibi humkaza magoti. Apewe kiti, na wenzake waelezwe sababu ili wasimcheke. Akikosa kuja siku tatu, aulizwe hali kabla ya kuulizwa sura. Hifdhi yake haikupotea kwa uvivu. Hakuna anayehifadhi usiku kucha akiwa na kiwiko kilichojaa damu.

Na akisali juu ya kiti, aachwe. Imran bin Husayn alikuwa na maradhi ya bawasiri, na Mtume alimpa rukhsa ya kusali kwa kuketi, na akishindwa asali kwa ubavu. Goti lililovimba haliwi duni kuliko bawasiri. Damu inayotoka jerahani kwa madhehebu yetu haivunji udhu. Huoshwa, na ile kidogo ya mtu mwenyewe husamehewa. Katika Ramadhani, dawa anayotiwa mshipani haimfunguzi, maana si chakula. Baraza la fiqhi la kimataifa lilipokutana Jidda mwaka 1997 liliamua kuwa sindano za tiba, isipokuwa zile za lishe, hazivunji saumu. Akiwa anavuja damu na amedhoofika, basi ni mgonjwa kama wagonjwa wengine, atalipa.

Isifahamike kuwa mtoto huyu ni wa kufungiwa ndani. Kuna mama waliowafungia watoto wao mpaka misuli ikanyauka, na msuli mdhaifu hauwezi kukishikilia kiungo. Mchezo ulio bora kwao ni kuogelea, na sisi watu wa pwani tumepewa bahari mlangoni. Aogelee. Asiruke kutoka juu ya gati na vijana wenzake, asikwee mnazi, asicheze mpira wa kukanyagana, wala ndondi. Baiskeli tunaiachia wazazi na daktari wake.

Dawa ndiyo taabu kubwa. Fakta hutiwa mshipani, na ile ya 8 ya kawaida hupungua nusu yake kwa muda wa kama saa 12, ndiyo maana anayetaka kujikinga hudungwa mara mbili au tatu kwa juma. Ni ghali mno, na nchini petu imetegemea sana misaada inayopitia Shirikisho la Hemofilia la Dunia. Imekuja pia dawa mpya kwa wenye hemofilia A, emisizumabu, inayodungwa chini ya ngozi mara moja kwa juma au hata kwa mwezi, na waliobahatika kuipata wamepumzika na mengi. Aliyeko kisiwani Pate damu ikimshika usiku, hungoja boti mpaka Mokowe, kisha basi mpaka Mombasa, na kila saa inayopita kiungo kinajaa. Kwa hivyo mama aulize kliniki mapema kama anaweza kuwekewa dozi katika hospitali iliyo karibu naye, yenye friji ya nyuzi 2 hadi 8 na jenereta inayofanya kazi. Baba ajifunze kusoma jina la dawa, na aende kliniki yeye mwenyewe, si kwa kutuma pesa za nauli tu. Katika mfuko wa shati la mtoto iwekwe kadi yenye jina la ugonjwa, aina yake, fakta anayohitaji na nambari ya simu ya nyumbani. Mtu atakayemwokota barabarani hatakuwa mama yake.

Limebaki jambo la wanawake wenyewe, ambalo halitajwi. Ilisemwa zamani kuwa mbebaji hana ugonjwa, lakini wako wabebaji ambao fakta yao imeshuka kiasi cha kuwaletea hedhi nzito isiyokwisha na kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa. Uko pia ugonjwa mwengine wa damu, unaoitwa wa von Willebrand, unaowapata wanawake sawa na wanaume. Masuali ya istihadha hutufikia kila mwezi: damu imepita siku 15, nisali, nifunge, nioge vipi? Hukumu zake tunazitoa kama zilivyo vitabuni. Kisha twamuuliza mwenye suali kama akijikata jikoni damu huchelewa kukatika, kama aling'olewa jino likamsumbua, kama ana kaka, mjomba au mpwa anayevimba magoti. Akijibu ndiyo, humwandikia katika kikaratasi maneno ya kumwonyesha daktari: apimwe muda wa damu kuganda, na kiwango cha fakta ya 8, ya 9 na ya von Willebrand.

Wallahu aalam. Juma lijalo, inshaallah, tutajibu masuali yaliyosalia juu ya nafaka ya mke aliye kwao.